Salamu Kwenye Meza ya Baruti

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havipo, na waliovichukua nawajua kwa majina. Ni watu watatu. Wawili bado wanatembea hapa Johannesburg na vidole vyao kumi kumi, wanakula vizuri, na mmoja anahubiri. Wa tatu nitamtaja pia, msiwe na haraka. Haraka ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nawaandikia nyinyi, wadogo zangu mliopata makaratasi ya kudumu, mkatoka kwenye kazi ya kulinda mageti mkajiunga na klabu za shabaha, na sasa mnataka kujaza risasi zenu wenyewe nyumbani. Nimewasikia kwa kinyozi, Troyeville. Mmoja wenu alikuwa na povu kichwani anamwambia mkubwa wake, "Yaya, ni kama kupika tu. Unafuata maelekezo." Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri zamu yangu. Lakini nimeona watu wengi wakipika, na sijaona hata mmoja aliyepima chumvi.

Mimi si mwalimu. Shule niliiacha darasa la tano kule Uvira, au yenyewe iliniacha, walimu walikimbia kabla yetu. Kiingereza nimekiokota kwenye mabango na kwenye matusi ya madereva. Lakini tangu 2015 mpaka 2019 nilifanya kazi kwenye duka la bunduki la mzee mmoja wa Kikaburu, pale mteremko unapoelekea Bez Valley. Sote tulimwita Oom Koos. Oom kwao ni mjomba. Alikuwa mjomba asiyecheka, mwenye nyusi kama mswaki uliochakaa, na nyonga iliyolia kila akiinuka. Niliingia kwake kufagia. Kisha akanipa ndoo, nikawa naokota maganda ya shaba kwenye uwanja wa shabaha, nayaleta, nayapanga kwa aina. Nililijua ganda kwa vidole kabla sijaijua risasi. Wakati huo nilikuwa na vidole vya kutosha.

Kwa asiyejua kabisa: risasi ya bunduki ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, kile kidonge kidogo kitakoni kinachowasha moto. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vinakwisha na ganda linabaki. Ukilisafisha, ukalirudisha kwenye umbo lake, ukalipa fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya, umepata risasi tena. Kazi yote ni hiyo. Mtu anaweza kuieleza akisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani. Kuifanya mwaka mzima bila kujeruhiwa ni habari nyingine.

Na leseni kwanza. Asiye na leseni asiguse. Mimi sikuwa nayo. Nilikaa mezani chini ya macho ya mwenye leseni, na neno "macho" mlikumbuke, maana tutalirudia.

Oom Koos alikuwa na desturi iliyofukuza wateja. Mtu akiingia na kusema anataka mashine ya kujazia risasi, anapewa kitabu. Kile kitabu kinene cha vipimo wanachochapisha watengenezaji wenyewe wa baruti na vichwa. "Soma ukurasa huu. Kwa sauti."

Siku moja aliingia daktari wa meno, miwani ya jua juu ya kichwa, funguo za gari zikining'inia kidoleni ili tuzione.

"Mzee, mimi ni daktari," akasema.

"Na mimi nina meno," Oom Koos akamjibu. "Soma."

Akasoma. Alikwama kwenye mstari wa pili. Akaondoka na kitabu bila mashine, uso umevimba kama mgonjwa wake. Alirudi baada ya wiki mbili amesoma, akauliza maswali ya maana, akauziwa mashine ndogo. Yule mpaka leo ana macho mawili.

Maana watu huanza na mashine. Wanataka ile kubwa ya gurudumu, ambayo ukivuta mpini mara moja kazi nne zinafanyika pamoja, huku risasi zinadondoka kwenye bakuli kama bisi. Ni mashine nzuri kwa anayejua. Kwa anayejifunza ni kupewa lori siku ya kwanza ya kujifunza baiskeli. Vitu vinne vinatokea kwa wakati mmoja na wewe una macho ya kutazama kimoja. Oom Koos aliniweka kwenye mashine ya mpini mmoja, chuma kizito cha kijinga kinachofanya jambo moja tu kila unapovuta. "Upole wake ndio mwalimu," alisema. Kabla ya mashine mnunue kitabu, na mizani, na miwani ya kulinda macho. Kalibu, yale matundu ya chuma yanayolirudisha ganda kwenye umbo lake, ziwe za bunduki yako, si za bunduki ya jirani inayofanana nayo. Halafu ubao wa matundu wa kusimamishia maganda, na tochi. Tochi ni kitu kidogo kuliko vyote, mtu hata haioni kwenye kabati la duka. Laiti ningewaandikia juu ya tochi peke yake.

Mizani nayo ina ukorofi wake. Ile ya betri hulewa: betri ikichoka inasema uongo kwa sauti ileile ya ukweli. Simu ikikaa karibu nayo, tarakimu zinaanza kutembea. Feni ikiwashwa, zinatembea zaidi. Oom Koos alikuwa na mizani ya zamani ya mkono wa chuma, na jiwe dogo la kuijaribia, na kila asubuhi jiwe lilipanda kwanza. Nikimuuliza kwa nini leo tena, si jana ilikuwa sawa, ananiambia, "Jana na wewe ulikuwa sawa."

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mwema. Sikilizeni habari ya mawese.

Ganda kabla ya kuingia kwenye kalibu linapakwa mafuta maalumu, kidogo sana, kwa nje, la sivyo linang'ang'ania humo ndani. Siku moja kikopo cha mafuta yale kilikwisha na Oom Koos alikuwa kwenye meno, kwa yule yule daktari. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Kwenye chakula changu cha mchana nilikuwa na kichupa cha mawese, yale mekundu ya kwetu, Mama Neema, mke wangu, hanifungii muhogo bila hayo. Nikapaka maganda yote mia. Yakapita laini ajabu. Nikajiona mvumbuzi.

Oom Koos akarudi, taya limekufa ganzi, akanusa hewa. Akachukua ganda, lina rangi ya machungwa. Akalinusa.

"Fidel," akasema kwa mdomo wa upande mmoja, "kwa nini risasi zangu zinanukia kama chakula cha mchana?"

Nikaeleza. Hakupiga kelele. Alinieleza kwamba mafuta yakibaki ndani ya ganda yanaharibu baruti na fataki, risasi inakuwa mfu au, mbaya zaidi, nusu mfu: kichwa kinasogea kidogo na kukwama kwenye mtutu, wewe hujui, unafyatua nyingine nyuma yake. Akanioshesha maganda yale siku tatu kwa maji ya moto na sabuni, na kila mteja aliyeingia nilipaswa kumsimulia mwenyewe sababu. Ndivyo alivyofundisha. Aibu ilikuwa chaki yake.

Na kitabu. Kusoma vile vipimo kulinitesa, mistari imebanana, na macho yangu ya darasa la tano yanaruka. Siku moja nilisoma mstari wa chini badala ya wangu, baruti nyingine kabisa. Oom Koos aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema ndiyo, maana mwanamume anaulizwaje. Akaniwekea rula ya mbao chini ya mstari, akaishikilia mpaka nikaona mwenyewe. Tangu siku hiyo sikusoma bila rula. Na mnaanza na kipimo cha chini cha kitabu, si cha juu. Kila kijana anaanzia juu, kama vile bunduki itamdharau.

Sheria nyingine zilikuwa fupi. Baruti ya aina moja tu mezani, nyingine zote kabatini, kila moja kwenye kopo lake la kiwandani. Isiyojulikana jina haitumiki hata iwe nzuri ya namna gani. Hakuna sigara, hakuna simu, hakuna redio. Maganda matupu yanalala kifudifudi upande wa kushoto. Unainua moja, unalijaza, unalisimamisha kwenye ubao upande wa kulia. Lililolala ni tupu, lililosimama lina baruti. Hata ukizimia ukaamka, meza inakuambia ulipofika. Mwisho, kabla kichwa chochote hakijakaa, unamulika tundu kwa tundu kwa tochi, uone baruti zote zimelingana kimo.

Sasa tuingie kwa mhalifu wa kwanza. Anaitwa Werner. Amemuoa binti wa Oom Koos, na alijiita meneja. Werner aliamini kitu kimoja tu duniani, kasi. Alikuwa akiongea nawe huku akitembea, ukabaki unajibu ukuta. Alicheka ubao wangu wa matundu, alicheka maganda yangu yaliyolala. "Fidel, unalaza watoto?" Oom Koos alipokwenda kuwekewa nyonga ya chuma hospitalini, alituacha na maneno haya mbele yetu wote wawili: "Mpaka nirudi, meza ya baruti isiguswe."

Gari lililombeba halijafika hata kwenye kona, Werner akasema, "Sharp, sawa, sasa tufanye kazi." Leseni na yeye alikuwa nayo. Sheria ilimtaka akae kando yangu anitazame. Alikaa mbele dukani, sikio moja limezibwa na waya ya simu, anauza pikipiki yake ya magurudumu manne kwenye simu. Na mimi akanipa utaratibu mpya: maganda yote hamsini yasimame kwenye ubao tangu mwanzo, faneli ya kumiminia baruti ipite safu kwa safu, chururu, chururu. "Nusu ya muda," akasema. Nilijua ni vibaya. Nilifanya.

Mhalifu wa pili ni Mchungaji Elie.

Mnamjua wengi wenu. Kanisa lake liko ghorofani, Bertrams, na spika zake ziko kila mahali. Ametoka Bukavu miaka mingi, makaratasi anayo, leseni anayo. Wakati ule alikuwa amealikwa na wachungaji weupe kwenda kuwinda swala Limpopo, na alijiandaa kama mtu anayekwenda kuapishwa. Kofia ya ngozi. Koti lenye mifuko kumi na miwili, sijui ya kutia nini, labda sadaka. Na bunduki ya kuwindia, kubwa kuliko bega lake. Ilimpiga siku ya kwanza uwanjani, na Jumapili iliyofuata akabariki watu mkono ukiishia kifuani.

Akaja dukani akataka risasi laini za kujizoezea. Laini, maana yake baruti ya aina ya haraka, kidogo tu, chini ya nusu ya ganda. Zipo kitabuni, si dhambi. Lakini hapa, wadogo zangu, tegeni masikio. Baruti ya kawaida ya bunduki hujaza ganda karibu na shingo. Ukitia mara mbili kwa bahati mbaya, inamwagika mezani, kosa linajitangaza lenyewe. Ile kidogo ya haraka haijitangazi. Ganda lina nafasi. Ukitia mara mbili, inakaa humo kimya kama mtoto aliyevunja sahani.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Niko safu ya tatu ya ubao, ganda la nne au la tano, faneli mkononi. Mlango wa karakana ukafunguka, akaingia Mchungaji, hakuna wa kumzuia.

"Bwana asifiwe, Papa Neema!"

"Amina, mutumishi," nikajibu, macho kwenye ubao.

"Eh! Unanisalimia umeikaa?"

Nyinyi mnajua. Mtu mzima, mchungaji wako, aliyewafungisha ndoa, aliyewapokea mkishuka basi pale Park Station na begi moja, utampa salamu ya mgongo? Nikaweka faneli. Nikasimama. Nikafuta mkono kwenye suruali, nikaupokea wa kwake kwa mikono yangu miwili.

"Mama Neema anaendelea?"

"Anaendelea."

"Batoto?"

"Beko."

"Na ule muguu ya mama mukwe?"

"Umepoa kidogo, mutumishi."

"Muliamuka muzuri?"

"Tuliamuka."

"Na kazi?"

"Ndiyo hii."

"Ndizo risasi zangu hizi? Basi tuziombee."

Akamwita na Werner. Na Werner, ambaye kwa wiki nzima hakuitoa ile waya sikioni hata nilipomwambia pana moshi jikoni, akaitoa. Akaja, akainamisha kichwa kwa heshima. Ndiyo mara pekee aliyosimama kando ya meza yangu kama sheria ilivyomtaka, na alikuwa amefumba macho.

Mchungaji aliombea Kongo yote, jimbo kwa jimbo. Akaombea ofisi ya makaratasi. Akawaombea swala wa Limpopo waje wenyewe mbele. Akaombea kila risasi, iwe na utii. Tulipofumbua macho Werner alirudi kwenye pikipiki yake, nami nikarudi kwenye ubao.

Ganda la nne, au la tano?

Nililitazama lile la nne na la tano. Kwa juu unaona shingo nyembamba na giza. Nikaamua linalofuata ni la tano. Hivyo tu: nikaamua. Nikamimina, nikaendelea mpaka mwisho. Kisha nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, tochi ilikuwa humo, ya Oom Koos mwenyewe, nzima, betri mpya. Nikaitoa.

Mchungaji alikuwa ameinama juu ya ubao, anatabasamu kama baba aliyepata mapacha. "Ziko tayari?"

"Nataka kumulika kwanza, mutumishi."

"Kumulika nini, Papa Neema? Si tumeomba?"

Alisema kwa upole, hata hakukasirika. Ningejibu nini? Kumulika baada ya maombi ilikuwa kama kumwambia Mungu, asante, lakini ngoja nihakikishe. Nikaona aibu. Nikairudisha tochi mfukoni, nikaanza kuweka vichwa.

Mhalifu wa tatu ni huyo aliyerudisha tochi mfukoni. Anaitwa Fidèle, baba Neema, wa Uvira. Nilisema nitamtaja.

Jumamosi asubuhi tukaenda uwanjani, kusini mwa mji, kwenye bakie ya Werner, pikapu yake. Nilibeba sanduku la risasi magotini njia nzima. Hamsini. Nilijua kwamba huenda moja imebeba mara mbili. Nilijua, wadogo zangu, asije mtu akawaambia ilikuwa ajali isiyojulikana. Nilikuwa na robo tatu ya saa ya kusema, "Turudi, tuzifungue." Lakini kusema hivyo ni kumwambia Werner kwamba nimeharibu na kumwambia mchungaji kwamba maombi yake yalinivuruga hesabu. Nikapiga hesabu nyingine: moja katika hamsini, na leo atapiga kumi tu. Ilikuwa hesabu nzuri sana. Ilinifariji mpaka getini.

Nikafikiri atapiga mchungaji mwenyewe. Bunduki yake, bega lake, risasi zake. Alikaa mezani, akavaa koti la mifuko, akanitazama.

"Nani alizitengeneza?"

"Mimi, mutumishi."

"Basi onja kwanza. Kwetu anayekaribisha pombe si anaonja yeye kwanza?"

Werner akacheka, akasema sharp, piga, na yeye mwenye leseni amesimama pale pale, sheria imetimia. Mchungaji akainuka, akanipisha kiti. Nikavaa miwani ya Oom Koos. Hilo moja nililitii, na ndiyo sababu naandika haya kwa macho mawili. Lakini mkono wa kushoto niliuweka chini ya bunduki, pale tumboni mwake penye magazini, mahali ambapo Oom Koos alinikataza mara mia. Nilitaka kuishika vizuri isinitoroke, ndivyo anavyoshika mwoga.

Ya kwanza, laini. Ya pili. Ya tatu. Nilianza kupumua. Ya sita, mchungaji nyuma yangu anasema, "Unaona? Utii!"

Ya saba sikuisikia. Niliona tu kwamba miwani imejaa nyufa kama kioo cha basi kilichopigwa jiwe, na bunduki imefunguka ubavuni, na mkono wangu umekuwa kitu cha mtu mwingine. Werner alikuwa ameketi chini akisema neno moja la kwao mara nyingi. Mchungaji alikuwa anakemea pepo.

Niliposhonwa na kulazwa, Oom Koos alikuja kwa magongo yake mawili, na yeye bado ana nyuzi za kwake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Hakuniambia pole. Alikuwa amezichukua zile arobaini na tatu zilizobaki, akazifungua zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, moja baada ya nyingine, akapima baruti ya kila moja.

"Zote zimelingana," akasema. "Zote, Fidel. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu." Akatazama bandeji. "Ulikuwa mzuri. Tochi ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono mzima lile shati langu lenye damu, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Akainama kwa shida, akapapasa, akaitoa. Akaibonyeza. Ikawaka. Akaizima, akaondoka nayo.

Werner aliandika ripoti kwamba mfanyakazi hakufuata utaratibu. Ni kweli, sikuufuata wa Oom Koos, nilifuata wa Werner, lakini hapo kwenye fomu hapakuwa na nafasi. Oom Koos alimtoa dukani kabla magongo hayajatupwa. Sasa anachimba mabwawa ya kuogelea, kwa kasi. Msiogelee.

Na mchungaji? Mchungaji alitoa ushuhuda. Jumapili tatu mfululizo. Kwamba adui alimtengenezea risasi ya jina lake, lakini Bwana akamnong'oneza, "Elie, inuka kwenye kiti hicho." Adui hakumtaja. Watu wakajitajia wenyewe, wakaanza kuvuka barabara wakimwona mke wangu. Jumapili ya tatu Mama Neema alisimama katikati ya ibada, yeye ambaye hata kwenye kwaya husimama nyuma.

"Mutumishi," akasema, "na huyo aliyeketi kwenye kile kiti, yeye Bwana alimnong'oneza nini?"

Wapiga ngoma wakaanza wimbo haraka. Hatujarudi pale ghorofani.

Nilidhani kazi imekwisha. Mkono wa vidole vitatu haushiki fataki. Lakini Oom Koos aliniita, akanionyesha mlango wa karakana. Alikuwa amechora mstari wa njano sakafuni, na nje ya mstari ameweka kiti.

"Watu wenu wanasalimia sana," akasema. "Sitaki waache. Kazi yako ni kupokea salamu zote. Mtu yeyote, hata mke wangu, hata rais, anakusalimia wewe mpaka nimalize."

Nikacheka, nikadhani ni mzaha. Mzee hajui mzaha. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka alipofunga duka 2019. Wateja walisema nimegeuzwa mbwa wa mlangoni. Waseme. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemfikia mtu aliyeshika faneli. Nyinyi mtakaofanya kazi hii kwenye chumba cha nyuma, na mama yuko jikoni, watoto wanaingia, shemeji anapita kusalimia: mfunge mlango, au mtafute wa kukaa kwenye kiti. Na ukikatizwa, usiamue ni la tano. Mwaga yote, anza upya. Atakayekuona huna adabu utamsalimia baadaye, kwa mikono miwili, yote.

Mchungaji alikuja, mnajua. Mwaka wa 2018, na bunduki mpya na koti lile lile. Nilimwona akivuka duka, kofia mkononi, anaelekea mstari wa njano kama vile ni wa watu wengine.

"Papa Neema! Bwana asifiwe. Niache nipite nimusalimie muzee."

Nilisimama. Nyuma yangu Oom Koos alikuwa na ubao umejaa, na nilisikia tochi ikibonyezwa. Alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti, kwa lugha yao, tundu kwa tundu.

Nikampa mchungaji mkono. Wa kushoto. Kwetu huo si mkono wa kumpa mtu mzima, naye anajua. Aliutazama. Dukani kulikuwa na watu, akaushika.

"Amina, mutumishi," nikasema. "Mama anaendelea?"

"Anaendelea," akasema, anataka kuutoa mkono wake. Vidole vitatu vinatosha kushika.

"Batoto?"

"Beko, Papa Neema."

"Yule mukubwa? Na yule wa pili? Na bega, linakuuma bado? Na wazee kule Bukavu, na majirani ya wazee?"

Alijibu moja moja, jasho linamtoka chini ya nywele, na mimi nikiuliza taratibu, ninasubiri kila jibu mpaka mwisho wake kama anavyostahili. Nyuma yangu Oom Koos alifika arobaini. Nikamuulizia mbuzi. Arobaini na tano. Nikamuulizia Limpopo. Oom Koos alipotaja hamsini, tochi ikazimika, nami nikauachia mkono.

"Sasa pita, mutumishi," nikamwambia.